Maswali na Majibu: Kipupwe, Vilima na Dira

Kuanzia Juni nyasi hukauka Kigoma na Tabora, njia za vilimani hukauka nazo, na barua za wakimbiaji huongezeka mezani petu. Safari hii nyingi zinahusu mambo mawili yanayokwenda pamoja: kukimbia nyikani, na mbio za ramani na dira, yaani zile ambazo mkimbiaji hupewa ramani yenye vituo akavifikia kwa mpangilio, njia akijichagulia mwenyewe. Mbio hizi asili yake ni Skandinavia. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norway mwaka 1897, na shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1961. Kwetu wanaozicheza bado ni wachache, lakini vilima vya Kigoma na miyombo ya Tabora vinazifaa sana, na tungependa kuona watu wengi zaidi wakizijaribu kabla mvua za Novemba hazijarudi.

Nafanya kazi ofisini, natoka saa 10:30 jioni. Nakimbia barabara ya Ujiji mara tatu kwa wiki, jumla kilomita 25. Julai hii nataka kuanza vilima na ramani bila kujiumiza. Niipange vipi wiki yangu? – Dada wa Mwanga, Kigoma

Dada, anza kwa kuangalia jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunayotumia ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo Julai jua huchomoza kwenu karibu saa 1:10 asubuhi, dakika 35 hivi baada ya Dar. Ukitoka saa 12 asubuhi uko gizani, na njia yenye mawe si ya kuikimbia gizani bila taa nzuri ya kichwani. Faida yenu iko jioni: mwanga upo mpaka karibu saa 1 usiku. Mazoezi ya katikati ya wiki yafanye baada ya kazi, uwe umeshashuka kilimani ifikapo saa 12:30.

Jumatatu pumzika miguu, lakini kaa na ramani dakika 20. Chagua sehemu mbili juu yake, kisha jieleze kwa sauti utakavyotoka moja hadi nyingine: "nashuka na mgongo huu, korongo likiwa kushoto, mpaka njia panda." Ukishindwa kulisema, hata mguuni utashindwa.

Jumanne ni kilima. Jipashe moto dakika 15 kwenye tambarare, halafu panda kwa sekunde 90 mara 6, kila ukifika juu ushuke ukitembea. Panda kwa kasi ambayo unaweza kutamka maneno matatu manne ila si sentensi nzima. Mteremko usiukimbie wiki mbili za mwanzo. Kinachoumiza misuli ya mapaja kilimani ni kushuka, kwa sababu msuli unarefuka huku umebeba uzito, na maumivu yake hutokea kesho yake na keshokutwa. Watu wengi hushuka mbio siku ya kwanza kwa kuwa pumzi inaruhusu, halafu Alhamisi ngazi za ofisini zinawashinda.

Jumatano kimbia taratibu kilomita 4, ramani mkononi, ukiisoma bila kusimama. Usijali ni ramani ya wapi, shabaha ni kuzoesha jicho: sekunde mbili kwenye karatasi, kisha macho njiani. Alhamisi nenda uwanjani au eneo la wazi ufanye dira na kuhesabu hatua, kilomita 4 jumla. Tumeeleza namna yake katika jibu la barua ya Gungu hapa chini. Ijumaa pumzika kabisa.

Jumamosi ndiyo siku ya ramani. Weka vituo 8 kwenye eneo unalolifahamu kidogo, mfano vilima vya nyuma ya Kibirizi au rasi ya Bangwe, jumla kilomita 4 kwa mstari ulionyooka. Miguu yako itakwenda kama 6, kwa sababu hakuna anayefika kwa mstari ulionyooka. Jumapili baada ya ibada kimbia au tembea-kimbia kilomita 8 kwenye njia za miguu, taratibu, bila ramani, ukitembea kila mpando mkali.

Hesabu yote ni kilomita 28, tatu tu zaidi ya ulizozoea, na hiyo ni makusudi. Kilomita moja ya kilimani inaweza kukuchukua dakika 9 au 10 wakati barabarani unatumia 6, hivyo mwili umeshaongezewa kazi kabla hujaongeza umbali. Kaa hapo wiki tatu. Wiki ya nne punguza mpaka 20, ndipo uongeze.

Naenda vizuri kituo hadi kituo, lakini nikikaribia napotea. Juzi nilizunguka dakika 15 mita 50 tu kutoka kituo chenyewe. Tatizo ni nini? – Kaka wa Gungu, Kigoma

Tatizo ni kasi mahali pasipo pake. Miguu inakwenda kuliko jicho linavyosoma, na kosa dogo la njiani linakujia lote mwishoni.

Waalimu wa mchezo huu hufundisha kwa taa za barabarani, nasi tunaona hakuna njia bora zaidi. Igawe safari ya kila kituo sehemu tatu. Sehemu ya kijani ni ile yenye kitu kirefu cha kufuata: njia, ukingo wa shamba, korongo, mgongo wa kilima. Hapo kimbia kwa nguvu zako. Sehemu ya njano inaanza unapokaribia alama kubwa isiyokosekana iliyo karibu na kituo, kama mita 100 hadi 200 kabla yake: njia panda, kona ya mto, jabali kubwa. Alama hiyo uichague kabla hujaondoka, na ukiifikia punguza mwendo mpaka uwe na hakika kuwa ndiyo yenyewe. Kutoka hapo ni nyekundu: dira mkononi, hatua zinahesabiwa, mwendo wa kutembea haraka. Wanaoshinda mbio hizi hawakimbii nyekundu. Wanaitembea bila kosa.

Kwa nini umbali huo uwe mfupi? Ukikosea dira kwa digrii 5 tu, na mtu anayekimbia hukosea hizo bila kujijua, ukienda mita 300 utakuwa pembeni kwa mita 26. Ukienda mita 100 utakuwa pembeni kwa mita 9, na kitambaa kinachotundikwa kituoni bado unakiona. Ndiyo maana hatukushauri ufuate dira peke yake tangu mwanzo wa safari.

Kuhesabu hatua kunafundishika kwa jioni moja. Pima mita 100 kwa kamba iliyopimwa na futi ya fundi. Usiamini urefu wa uwanja wa mpira, maana viwanja havilingani. Kimbia mwendo wako wa kawaida ukihesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Rudia mara nne uchukue wastani. Wengi hupata kati ya 35 na 45 barabarani. Kisha fanya vile vile kwenye nyasi, na kilimani ukipanda. Utaona namba inaongezeka sana, kwa sababu hatua zinafupika. Andika namba zote tatu kwa kalamu ya wino usiofutika nyuma ya dira.

Jambo la pili linalopoteza watu ni kulenga kituo chenyewe kikiwa kwenye kitu kirefu. Kituo kikiwa ukingoni mwa korongo na wewe unalijia korongo kwa upande, ukilifikia hujui ugeuke kushoto au kulia. Lenga makusudi mita 40 kushoto ya kituo. Ukifika korongoni unajua bila kubahatisha kwamba kituo kiko kulia.

La tatu ni uchaguzi wa njia, na hapa Kigoma vilima vinaadhibu. Hesabu kila mita 10 za kupanda kuwa sawa na mita 100 za tambarare. Kituo kiko mita 400 mbele yako, ng'ambo ya kilima chenye mpando wa mita 40: gharama yake ni 400 na 400, jumla 800. Njia inayozunguka kilima ina mita 650 tambarare. Zunguka. Utafika una pumzi, na mwenye pumzi husoma ramani vizuri.

Ukipotea hata hivyo, simama. Geuza ramani mpaka kaskazini yake ilingane na dira, jiulize ni wapi mara ya mwisho ulikuwa na hakika, na kama ndani ya dakika moja huoni jibu, rudi hapo. Kuzunguka ukitafuta ndiko kulikokula dakika zako 15.

Shemeji yangu ameniletea dira kutoka Sweden. Sindano inakwama na kukwaruza. Ile ya zamani niliyokuwa nayo nayo imeanza kuonyesha kusini badala ya kaskazini! Ni eneo letu? – Msomaji wa Kasulu

Ni matatizo mawili tofauti, tuanze na ya Sweden. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano kwa usawa tu, huivuta pia juu au chini. Kaskazini mwa dunia ncha nyekundu huvutwa chini, hivyo kiwandani huongeza uzito kidogo upande wa kusini wa sindano ili ilale sawa. Mstari ambao sindano hulala sawa bila uzito wowote unapita kaskazini mwetu, maeneo ya Ethiopia. Sisi tuko kusini yake, na huku ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini. Dira yako ina uzito uleule upande uleule unaovutwa, basi mkia unagusa sakafu ya kibakuli chake na kukwaruza. Dira si mbovu. Unaweza kuitumia kwa kuiinamisha kidogo mpaka sindano iwe huru, lakini kwa mtu anayekimbia hilo ni usumbufu. Ukinunua au ukiagiza, ulizia dira iliyosawazishwa kwa ukanda wa ikweta au inayofaa dunia nzima.

Hiyo ya zamani imegeuzwa na sumaku, na mara nyingi mhalifu ni simu. Spika ya simu ina sumaku, na vifuniko vingi vya simu na mikoba pia. Dira ikilala mfukoni na simu, sindano hugeuka ncha. Inatengenezeka. Tafuta sumaku yenye nguvu, kama ya spika kubwa iliyokufa, na dira nyingine iliyo nzima. Isogeze dira nzima karibu na sumaku, taratibu na kwa mbali kidogo, utambue ni uso upi unaovuta ncha nyekundu. Chukua uso huo, uweke juu ya dira mbovu katikati ya sindano, uburute mpaka ncha nyekundu, kisha uinue juu kabisa kabla hujarudi katikati. Fanya hivyo mara 10. Ukiuburuta kwenda na kurudi bila kuuinua, unafuta kazi yako mwenyewe.

Hakikisha kwa jua. Julai, jua linapochomoza kwenu haliko mashariki kamili; liko kama digrii 22 upande wa kaskazini, yaani dira isome karibu 68. Ukipata 248, sindano bado imegeuka.

Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli kwa Kigoma na Tabora ni ndogo, haifiki digrii 2, kwa mbio za miguu iache. Vyuma visikuponyoke tu: mita kadhaa kutoka reli, nguzo za umeme na mapaa ya bati, soma dira yako mara mbili.

Nilipata ramani ya 1:50,000 ya eneo letu, lakini porini haina kitu, tambarare tupu. Nikachapisha nyingine kutoka kwenye simu pale steshenari, umbali haulingani kabisa. Nifanyeje? – Msomaji wa Ipuli, Tabora

Ramani ya 1:50,000 ni ya kupangia safari. Milimita moja juu yake ni mita 50, kichuguu hata kiwe kikubwa kama nyumba hakitaonekana. Mbio za ramani porini hutumia 1:15,000 au 1:10,000, na za mijini 1:4,000. Kwa 1:10,000, sentimita moja ni mita 100, hesabu unaifanya kichwani huku unakimbia.

Cha steshenari tunakijua. Kompyuta ikiambiwa ichapishe, yenyewe hubana picha ili itoshee karatasi, na kipimo chako kinakufa hapo hapo. Mwambie kijana wa mashine achapishe kwa asilimia 100, bila kutoshelezesha. Ukipokea karatasi, kabla hujalipa, pima kwa rula mstari wa kipimo ulio chini ya ramani: kwa 1:10,000, mita 500 lazima ziwe sentimita 5. Zikiwa 4.7, rudisha. Usikubali pia kopi nyeusi na nyeupe. Kwenye ramani hizi rangi ndiyo lugha: kahawia ni kontua (mistari ya mwinuko), bluu maji, nyeusi mawe na vitu vya binadamu, njano uwanda wa wazi, nyeupe msitu unaokimbilika, kijani vichaka, na kadiri kijani inavyokoza ndivyo kunavyobana. Rangi ya zambarau huchorewa njia ya mashindano: pembetatu mwanzo, duara kila kituo, duara mbili mwisho.

Ramani ya eneo lako itabidi uichore, na inawezekana. Programu ya OpenOrienteering Mapper ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta na simu za Android. Weka picha ya satelaiti chini, halafu tembea eneo ukiongeza unachokiona. Anza na kilomita moja ya mraba, usizidishe. Tabora kontua hazitakusaidia sana, na zile zinazotengenezwa na kompyuta kwa data za satelaiti hazioni mikunjo midogo ya ardhi. Tegemea vitu vingine: kingo za mbuga (nyanda za nyasi zenye udongo mweusi), njia za baiskeli, visima, matuta ya mashamba ya zamani, na vichuguu. Kichuguu ndiyo alama ya dhahabu ya miyombo. Chora vile vinavyozidi kimo cha mtu tu. Ukichora vyote, mkimbiaji hatajua kipi ni kipi. Mizinga usiitumie kuwa alama. Inahamishwa, na nyuki hawapendi wageni wanaohema.

Mbuga zenyewe Julai ni kavu na zinashawishi, lakini udongo ule mweusi wa mfinyanzi ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu, na nyasi huzifunika. Katiza mbuga kwa kutembea, au pita ukingoni.

Nina wanafunzi 40 na sina bajeti. Naweza kuwafundisha mchezo huu ndani ya kiwanja cha shule? – Mwalimu wa sekondari, Kasulu

Mwalimu, unaweza, na kiwanja cha shule ndiyo mahali sahihi pa kuanzia kwa sababu hakuna anayepotea.

Chora kiwanja kwa kipimo cha 1:2,000 kwa kuhesabu hatua: majengo, miti mikubwa, uzio, kisima, goli. Karatasi moja ya A4 inatosha. Weka vituo 8 na utumie zoezi la nyota: wewe unakaa katikati, wanafunzi wawili wawili wanatumwa kituo kimoja, wanarudi kwako, unakagua, unawatuma kingine. Jozi 20 zikigawanywa kwenye vituo vyote 8, mbili au tatu kila kituo, hazifuatani kundi zima, na kila dakika mbili tatu kila mtoto anapita mbele ya macho yako. Hilo la pili ndilo la maana zaidi kwa mwalimu mwenye watoto 40.

Kitambaa cha kituo cha mashindano kina nyuso tatu, kila moja sentimita 30 kwa 30, nusu nyeupe nusu rangi ya chungwa, zikigawanywa na mstari wa mshazari. Kata kipande cha sentimita 92 kwa 32, ukiacha sentimita moja kila upande kwa pindo, ushone kiwe mviringo na upitishe waya juu ili kikae pembe tatu. Kwa mazoezi, mfuko wa salfeti uliopakwa rangi unatosha. Kila kituo funga penseli ya rangi tofauti kwa uzi. Mtoto akirudi na alama ya kijani kumbe kituo kile kina nyekundu, unajua alikwenda kwingine.

Ukitoka nje ya uzio, mwone kwanza mwenyekiti wa kijiji, na kwa hifadhi ya msitu omba ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu anayekimbia na ramani akichungulia vichakani huzua maswali, na maswali hayo ni ya haki. Usiweke kituo karibu na kambi, reli, uwanja wa ndege wala bandari. Kila jozi iwe na filimbi (milio 6 ndani ya dakika moja ni kuomba msaada), na muda wa mwisho wa kurudi uwe mmoja kwa wote, waliomaliza na ambao hawajamaliza. Hesabu watoto kabla na baada.

Nina miaka 58. Nikishuka vilima, siku mbili baadaye magoti na mapaja vinauma. Niache? – Mzee wa Ujiji

Shikamoo mzee wetu. Kwanza tenganisha maumivu. Yakiwa juu ya goti, kwenye nyama ya paja, pande zote mbili, na yakaisha siku ya tatu, ni misuli tu na itazoea. Yakiwa ndani ya goti moja, likavimba, au likakataa kukunjuka, acha vilima ukaonwe hospitali.

Kwa misuli, fanya hivi mara tatu kwa wiki: simama juu ya tofali lenye kimo cha sentimita 15, shusha mguu mmoja polepole kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kiguse chini, rudi. Mara 10 kila mguu, awamu 3. Baada ya wiki tatu utaona tofauti kwenye mteremko. Ukishuka, fupisha hatua, kunja magoti kidogo, usijirudishe nyuma. Anayeegemea nyuma hukanyaga kwa kisigino, na kwenye changarawe juu ya udongo mgumu kisigino ndicho kinachoteleza. Macho yawe mita 3 au 4 mbele, si kwenye vidole. Na kama hujapima presha mwaka huu, pima kabla ya kuanza mipando.

Kifundo kikiteguka, jaribu hatua nne. Ukishindwa kuzikamilisha, au mfupa wa pembeni ukiuma ukiubonyeza kwa nyuma yake, usipake dawa ya kuchua ukangoja. Nenda ukapigwe picha.

Raba za mtumba zinafaa? – Kijana wa Kibirizi

Zinafaa ukizikagua. Meno ya soli yawe yamebaki milimita 4 hivi, hasa chini ya vidole, maana huko ndiko kunakopandia. Bonyeza kwa kidole gumba sponji ya pembeni: ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi iliyolala, imekufa, hata kama juu inang'aa. Weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache. Pinda mbele uone kama gundi inaachia. Chagua kinachoacha nafasi ya kidole kimoja mbele, la sivyo mteremkoni kucha zitakuwa nyeusi.

Mbung'o, moto na nyoka. Mnashauri nini? – Msomaji wa Uvinza

Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Vaa kaki au kijani iliyofifia, mikono mirefu ikiwezekana, na homa yoyote inayofuata baada ya kuumwa msiichukulie kuwa malaria tu. Mwambieni mhudumu mlikuwa porini ili malale ipimwe.

Moto ndio tunaouogopa zaidi kuanzia Julai. Upepo wa kipupwe huku hutoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulio upande huo unakujia. Usiukimbie moto kwa kupanda kilima, moto hupanda haraka kuliko mtu. Shuka kwa upande, utafute barabara, kijito au eneo lililokwisha kuungua. Eneo lililoungua juzi linakimbilika vizuri na vitambaa vinaonekana kwa mbali, lakini visiki vya vichaka vilivyobaki ni vikali, vinatoboa soli nyembamba. Kumbuka pia kwamba moto hubadilisha ramani: palipochorwa kijani panaweza kuwa wazi kabisa.

Nyoka wa kuangalia njiani ni kifutu, kwa sababu hakimbii; hulala hapo hapo kwenye majani makavu. Usiruke gogo usiloona ng'ambo yake, kanyaga juu kwanza. Akiuma mtu: asikatwe, asifungwe kamba ya kubana, asinyonywe. Vua pete na kiatu kabla ya uvimbe, tuliza mguu usitikisike, abebwe kwenda hospitali.

Nile nini kabla na wakati wa kukimbia? – Msomaji wa Sikonge

Saa mbili kabla: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na chai ya sukari. Vyenye mawese na maharage viache kwa chakula cha jioni. Chini ya dakika 75 maji yanatosha. Zaidi ya hapo lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa: kijiko kikubwa cha asali yenu kina kama 17, ndizi moja ya wastani 25. Chupa ya lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi inafaa siku ya jua kali. Zidisha chumvi na tumbo litakataa.

Baada ya mazoezi tunaoga ziwani. Kuna ubaya? – Wakimbiaji wa Katonga

Upo. Maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani, ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na mchana ndipo vimelea hutoka kwa wingi. Karibu na midomo ya mito fikirieni na mamba. Ogeni nyumbani. Mliokwisha kuoga msikimbilie kupima kesho, maana mayai hayaonekani mapema: subirini wiki 6 hadi 8, mpeleke choo kikapimwe, na dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili.